Gofu ya diski kwenye uwanja wa miti iliyobanana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Gofu ya diski ni mchezo wa kurusha diski ya plastiki mpaka iingie kikapuni kwa mirusho michache iwezekanavyo. Majibu haya yameandikwa kwa anayerusha kwa mkono wa kulia. Wa mkono wa kushoto ageuze pande. Bekihendi ni ule urushaji wa kuivuta diski kupitia kifuani ukiwa umekipa kikapu bega. Fohendi ni wa ubavuni, kiganja kikitazama mbele. Haiza ni kuitoa diski ukingo wa nje ukiwa umeinamia chini, na anhaiza ni ukingo huo ukiwa juu. Maneno mengine yataeleweka tukifika.

Uwanja wa wazi nacheza vizuri tu. Mbona msituni naaibika?

Uwanja wa wazi hukufichia makosa ya pembe. Rusha diski mita 80 ukiwa umekosea nyuzi 5 tu, itaangukia kama mita 7 pembeni ya ulipolenga. Kule wazi mita 7 ni nyasi: unatembea, unaokota, unarusha tena, wala hukumbuki kuwa ulikosea. Sasa chukua miti miwili iliyoachana mita 3, ikiwa mita 15 mbele yako. Ukilenga katikati kabisa, na ukitoa upana wa diski yenyewe, unabaki na ruhusa ya kukosea nyuzi 5 hivi kila upande. Miti hiyohiyo ikisogea hadi mita 30, ruhusa inashuka chini ya nyuzi 3. Mkono wako ni uleule wa jana, ila leo umekaguliwa.

Nilenge wapi kama kikapu hakionekani?

Hata kikionekana, usikilenge. Lenga mwanya wa kwanza. Njia ya msituni ni kama uchochoro wenye milango kadhaa, na mlango wa pili hauna maana kwa aliyekwama kwenye wa kwanza. Simama, utafute kitu kidogo kilicho nyuma ya mwanya huo: jani lililokauka, doa jeupe la kuvu kwenye gome, kisiki. Macho yabaki hapo mpaka diski itoke mkononi. Ukiutazama mti unaouogopa, ajabu ni kwamba mkono huufuata.

Na kabla ya hapo, tembea kwenye sehemu ya kurushia. Wengi husimama katikati kwa mazoea. Sogea ukingo wa kushoto, chuchumaa kidogo, tazama. Kisha nenda ukingo wa kulia, ufanye vilevile. Hatua moja tu ya kando inaweza kuufungua mwanya uliokuwa umefunikwa na shina, au kuufunga ule uliodhani uko wazi. Ni jambo la sekunde kumi na halihitaji kipaji chochote.

Nimegonga mti, diski iko kichakani. Nifanye nini?

Hili ndilo swali lenye alama nyingi kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mti uliougonga umekugharimu mrusho mmoja, au sehemu ya mrusho. Kinachoharibu kadi ya alama ni mrusho unaofuata. Mchezaji anafika kichakani akiwa na hasira, anaona kitundu kati ya matawi kuelekea kikapuni, na moyo unamwambia kwamba alichopoteza anaweza kukirudisha hapohapo. Anarusha kwa nguvu zote. Ko! Diski inadunda, inaingia ndani zaidi. Sasa hana hata kitundu.

Nimefanya hivyo mara nyingi mno kuweza kumcheka mtu. Kuna shimo moja (shimo ni sehemu moja ya uwanja, kuanzia pa kurushia hadi kikapuni) ambalo njia yake inakunja kushoto kama kiwiko. Nilikuwa hatua nne tu nje ya njia, upande wa kulia. Mbele yangu palikuwa na tundu la upana wa mlango, labda mita 12 mbali. Nikalipenda. Diski ikagonga shina kwa ukingo, ikarudi ikanipita sikioni, ikatua nyuma yangu. Ningerusha kwa upole ubavuni, hatua nne zile, ningemaliza kwa 4. Nilimaliza kwa 7, na mirusho mitatu kati ya hiyo niliirusha nikiwa nimesimama karibu palepale.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Ukifika kwenye diski, kipe kikapu mgongo kwanza. Tafuta mlango mpana kuliko yote wa kurudi njiani, hata kama uko pembeni kabisa, hata kama uko nyuma. Kisha jiulize: nikitokea pale, mrusho wa baadaye nitauona wazi? Kama jibu ni ndiyo, chukua diski ya kumalizia, ile nene yenye ukingo wa mviringo, uitoe chini chini kwa nguvu ndogo iteleze mpaka njiani. Ukishapata jawabu hilo ndipo unaruhusiwa kugeuka na kutazama upande wa kikapu, na ulinganishe.

Lakini si lazima wakati mwingine kujaribu?

Wakati mwingine, ndiyo. Fanya hesabu, usiulize ujasiri. Tuseme tundu lile unalipita mara 3 katika 10, na ukilipita unamaliza kwa 3. Ukigonga unamaliza kwa 5. Wastani wake ni 4.4. Ukitoka pembeni kwa usalama unamaliza kwa 4 karibu kila mara. Tundu hilo si lako. Lakini ukiona kwa haki kabisa kwamba unalipita mara 7 katika 10, wastani unakuwa 3.6, basi rusha. Ugumu uko kwenye lile neno “kwa haki”. Mtu akiwa na hasira, 3 zake huzihesabu 7.

Si wanasema mti ni hewa kwa asilimia 90?

Wanasema, kwa utani, na wengine wanauamini utani. Wavu wa dirishani nao ni matundu matupu, lakini muulize mbu.

Nichukue diski zipi?

Chache kuliko unavyodhani, na za polepole kuliko unavyopenda. Diski nyingi huandikwa namba nne: kasi, kuelea, kugeuka na kufifia. Kugeuka ni tabia ya diski kuelekea kulia ikiwa bado ina mwendo, kwa bekihendi ya mkono wa kulia. Kufifia ni kuangukia kushoto mwendo ukiisha. Msituni unataka diski ya kati, kasi 4 au 5, yenye kugeuka kwa 0 au -1 na kufifia kwa 0 au 1, yaani ile inayokwenda ulikoielekeza bila kuleta maoni yake. Pamoja nayo, diski ya kumalizia unayoweza kuirusha mita 50 au 60 kwa unyoofu.

Diski za mbali, za kasi 11 na kuendelea, zina ukingo mpana na mkali, na hudai mkono wenye kasi ili ziruke zilivyokusudiwa. Zikikosa kasi hiyo hupinda kushoto mapema. Zikiipata, kosa dogo la kiganja huwa kosa kubwa angani. Halafu kuna jambo ambalo watu hulisahau: diski ya mwendo mkali ikigonga mti hurukia mbali, mara nyingi ndani ya kichaka. Ya mwendo mdogo hudondoka chini ya mti ulioigonga, na mara nyingi mti huo uko ukingoni mwa njia. Ukigonga kwa upole bado uko mchezoni.

Kuhusu plastiki: ile ya bei ya chini hushikika vizuri mkononi lakini ukingo wake huchubuka haraka kwa mashina, na diski iliyochubuka huanza kugeukia kulia zaidi kuliko ilipokuwa mpya. Si hasara yote. Mimi ninayo diski ya kati iliyopigwa na miti kwa miaka mpaka ukingo wake una meno kama msumeno, na ndiyo ninayoichukua njia ikikunja kulia. Naitoa sawa, nayo inazunguka yenyewe taratibu. Kwa zile unazotaka zibaki na tabia ileile, nunua plastiki ngumu.

Rangi ina maana?

Sana. Kijani usithubutu. Kahawia, nyeusi na nyekundu iliyoiva hupotea kwenye majani makavu. Waridi na samawati ya kung’aa huonekana kwa mbali kwa sababu msitu hauna rangi hizo nyingi.

Njia ikikunja, nitumie bekihendi au fohendi?

Kwa mkono wa kulia, bekihendi humalizia kushoto na fohendi humalizia kulia, kwa kuwa diski zinazunguka pande zinazopingana. Jibu jepesi basi ni bekihendi kwa kona ya kushoto na fohendi kwa kona ya kulia. Lakini angalia kona iko wapi. Diski hupinda zaidi mwendo unapoisha, kwa hiyo kona iliyo karibu sana na sehemu ya kurushia haiwezi kufuatwa na diski ya mbali iliyorushwa kwa nguvu. Itapita moja kwa moja na kuingia msituni ng’ambo. Hapo rusha ya polepole, yenye haiza, ianze kupinda mapema. Au usipinde kabisa: rusha sawa hadi kwenye kona, simama hapo, uone kikapu, kisha urushe wa pili. Njia ya mita 90 yenye kona kwenye mita 50 ni mirusho miwili myepesi ya 50 na 40. Watu huipigania kwa mmoja, na kwa kawaida huimaliza kwa mitatu.

Hata kama fohendi yako ni dhaifu, ifundishe kwa mita 30. Utaihitaji kutokea kwenye vichaka ambako bega la bekihendi haligeuki.

Matawi yako chini sana, kama dari. Nifanyeje?

Diski inayopanda kwenye matawi kwa kawaida haikurushwa juu; ilitoka mkononi ukingo wake wa mbele ukiwa umeinuka. Hewa inaushika uso wa chini, diski inapanda, inapunguza mwendo, inadondoka kushoto. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa ni kwa maana ya moja kwa moja: kunja magoti, shusha bega, mkono upite usawa wa kiuno au chini yake, na kiganja kibaki juu ya diski kidogo kuliko kawaida ili ukingo wa mbele usiinuke. Usikimbie. Simama palepale urushe kwa miguu iliyotulia. Utapoteza mita kadhaa na utapata unyoofu.

Kama kuna dirisha juu ya vichaka na hakuna dari, rusha ya kichwani, diski ikiwa wima kama shoka, inaweza kuvuka. Chagua ya ukingo mgumu, na ujue itatua mahali pasipotabirika. Rola, yaani diski inayobingirishwa ardhini, inafaa pale tu ardhi ilipo safi. Mzizi mmoja unatosha kuipeleka isikotakiwa.

Naruhusiwa kuvunja au kushikilia tawi linalonizuia?

Hapana. Kwa kanuni za PDGA, chama kinachosimamia mchezo huu kimataifa, kilichoanzishwa mwaka 1976, unachagua msimamo unaosogeza kizuizi kidogo iwezekanavyo, na ukishasimama huruhusiwi kusukuma tawi ili mkono upate nafasi. Mkono ukiyagusa majani wakati wa kurusha kwenyewe, si kosa. Kuyashika kwa mkono mwingine, kuyakalia au kuyafunga kwa mkoba ni kosa.

Majani yaliyoanguka na matawi yaliyokwisha kukatika unaweza kuyaondoa yakiwa pale unaposimama au nyuma yake. Yaliyo mbele, kati yako na kikapu, yaache.

Diski imenasa mtini. Narushia wapi?

Chini yake wima, ardhini. Siku hizi hakuna adhabu kwa kunasa peke yake. Ile kanuni ya mita 2, inayoongeza mrusho 1 diski ikinasa juu ya kimo hicho, hutumika tu msimamizi wa mashindano akiitangaza, kwa hiyo uliza kabla ya kuanza. Kuishusha ni kazi nyingine. Usirushe diski ya pili kuifuata ya kwanza. Mtu mwenye diski mbili mtini huwa anaanza na moja.

Na ikipotea?

Dakika 3 za kutafuta. Zikiisha, unaongeza mrusho 1 wa adhabu na unarudi uliporushia. Kurudi huko ndiko kunakouma, ndiyo maana kwenye njia yenye kona ni vizuri mwenzenu mmoja atangulie asimame mahali salama na kutazama. Asiye na mtazamaji asikilize. Diski iliyogonga shina hutoa sauti ya ko, na iliyopita kwenye majani huchakacha. Hesabu milio. Mara mbili imeniokoa: nilisikia ko mbili na mchakacho mmoja kushoto, nikaenda moja kwa moja.

Shina liko nyuma kabisa ya diski yangu, siwezi kusimama.

Kikiwa ni kizuizi kikubwa kigumu kinachokunyima msimamo halali nyuma ya alama, yaani pale diski yako ilipotua, unaruhusiwa kuweka alama mara tu nyuma ya kizuizi hicho, kwenye mstari uleule utokao kikapuni, bila adhabu. Kichaka cha miiba hakihesabiwi. Kwa miiba una njia ya kulipia: mrusho 1 wa adhabu na kurudi nyuma kwenye mstari huo mpaka unapopata nafasi.

Lakini kabla ya kulipa chochote, kumbuka eneo la kusimamia ni mstatili wa upana wa sentimita 20 na kina cha 30 nyuma ya alama, na linalotakiwa ni sehemu moja tu ya mwili iguse humo. Mguu mmoja ukiwa ndani, mwingine unaweza kuutandaza mbali upendavyo kando au nyuma, mradi usisogee karibu na kikapu kuliko alama. Nimeona mtu amepiga goti moja matopeni, mguu wa pili umenyooshwa kama anayefagia, mkono umetokea upande wa pili wa mti. Aliona kikapu kizima.

Kumalizia karibu na miti kuna siri?

Kujitandaza kulekule. Fanya mazoezi ya kumalizia miguu ikiwa imepanuliwa sambamba, na ukiwa umepiga goti, kwa sababu msituni nusu ya mirusho ya mwisho haikupi msimamo wako wa kawaida. Ukiwa ndani ya mita 10, onyesha umetulia nyuma ya alama kabla ya kusonga mbele. Na mteremko ukiwa nyuma ya kikapu, kubali kukosa kwa ufupi.

Mando ni nini?

Mti au nguzo yenye mshale inayokulazimisha kupita upande fulani. Ukipita upande usiotakiwa ni adhabu ya mrusho 1, na unarushia pale palipopangwa kwa ajili hiyo. Soma ubao kabla ya kurusha. Mshale hauonekani vizuri ukiwa umeshautazama mwanya mzuri upande mwingine.

Nifanyie mazoezi wapi kama sina msitu karibu?

Miti miwili yoyote inatosha, au fito mbili zilizosimamishwa. Ziachanishe mita 3, rudi nyuma mita 15, rusha mara 20 kwa diski zilezile mbili tatu za kati na za kumalizia. Hesabu zilizopita katikati. Zikifika 16, punguza mwanya hadi mita 2, au rudi nyuma hadi 20. Usipime umbali kabisa siku hiyo. Andika pia zilizokosa zilikosea upande gani: zikienda nyingi kulia, unaachia kwa kuchelewa, nyingi kushoto, unaachia mapema. Hilo ni la bekihendi bado.

Kisha malizia kwa mirusho kumi ya kujiokoa: kaa chini ya tawi, piga goti, simama umebanwa na ukuta kiasi cha kukosa kuvuta mkono nyuma. Mita 15 tu. Sijawahi kuona mtu akifanya zoezi hili kwenye uwanja wa wazi, na ndilo linaloshusha alama haraka kuliko jingine.

Kwa nini viwanja vingi huwekwa msituni?

Viwanja vyake vilianzia chini ya miti. Uwanja wa kwanza wa kudumu uliwekwa mwaka 1975 na Ed Headrick kwenye hifadhi ya Oak Grove huko California, na jina lenyewe maana yake ni kichaka cha mialoni. Shabaha zilikuwa nguzo tu. Kikapu chenye minyororo alikibuni baadaye. Miti inafanya kazi ambayo kwenye gofu ya mpira hufanywa na mashimo ya mchanga na mabwawa, na haihitaji kuchimbwa.

Wataalamu wenyewe huchezaje humo?

Tazama video za ubingwa wa dunia wa 2023 uliofanyika Smugglers’ Notch, Vermont, Marekani. Ulichezwa kwenye viwanja viwili: Fox Run Meadows ulio wazi zaidi na Brewster Ridge ulio msituni. Walioshinda ni Isaac Robinson na Kristin Tattar. Usitazame mirusho mizuri. Subiri wagonge mti, uone wanachofanya baadaye. Mara nyingi hata hawatazami kikapu: diski ya kumalizia, mkono mfupi, mita 20 kurudi njiani.

Miti yenyewe haiumii?

Inaumia, hasa michanga na yenye gome laini iliyo karibu na sehemu ya kurushia. Mti uliomenywa gome kuzunguka shina lote hufa. Viwanja vinavyotunzwa huikinga kwa fito au kamba. Usiing’oe kinga hiyo ukidhani ni takataka.

Kuna hatari nyingine?

Majani mabichi na mizizi huteleza, kwa hiyo punguza hatua za kukimbilia. Usirushe kama huoni walio mbele. Paza sauti, usubiri wakujibu. Kabla ya kutia mkono kichakani, chokonoa kwa kijiti. Ukitoka, kagua miguu na nyuma ya magoti kwa kupe, na hesabu diski kabla hujafunga mkoba. Inayokosekana mara nyingi ni ile ya kumalizia uliyoiacha chini ya kikapu cha shimo lililopita.